Walzi Kabla ya Ukwe

Kabla sijajifunza walzi nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na nilidhani najua mtu anavyojifunza. Mtoto anakuja hajui kushika penseli. Unamshikia mkono, mnaandika a pamoja, na a inatoka kama kiazi. Kesho kiazi tena. Keshokutwa kiazi chenye mkia. Kisha siku moja, bila mtu kutangaza lolote, a imekaa vizuri juu ya mstari, na mtoto mwenyewe hana habari kwamba kuna jambo limetokea. Wazazi walipokuja kulalamika niliwaambia: msiwe na haraka, huyu anakwenda, ila hamumwoni akienda. Sikujua kwamba nitakuja kuyahitaji maneno hayo mimi mwenyewe.

Miaka ile ya tisini Mwanza ilikuwa na hamu ya kujaribu kila kitu. Biashara ilikuwa imeachiwa huru. Mitumba ilimwagwa juu ya maturubai kila upande, viwanda vya minofu ya sangara viliota ufukweni mwa ziwa, na mashirika ya zamani yalikuwa yakipunguza watu. Kila aliyepunguzwa alianzisha kitu. Jirani yangu mmoja pale Butimba alianzisha kuku, mwingine akaanzisha kozi ya kupiga chapa. Na mama mmoja wa Kigoa, wa wale Wakatoliki wenye asili ya Goa kule India, mzaliwa wa hapa hapa mjini, aliyekuwa karani mpaka ofisi yenyewe ikafungwa, alianzisha darasa la dansi. Si dansi ya kuruka kama ya vijana wa disko. Ni dansi ya wawili wawili, ya kushikana: walzi, tango, rumba ya zamani, mambo ambayo wazazi wake walikuwa wakiyacheza wakati yeye yuko chini ya meza anakula keki. Alikodi ukumbi wa chama kimoja cha ushirika ambacho hakikuwa tena na mikutano, akatualika kila Jumamosi alasiri.

Mimi nilikwenda kumsindikiza mwalimu mwenzangu. Yeye alikuja mara mbili, mume wake akamuuliza anashikwa na nani, akaacha. Mimi nilikuwa mjane. Hapakuwa na wa kuniuliza, nikabaki.

Nikueleze walzi, kwa sababu si ngumu kuielewa. Muziki wake unahesabiwa tatu: moja nzito, mbili na tatu nyepesi. Mwanamume anakuja mbele, mwanamke anarudi nyuma. Moja, unarudisha mguu. Mbili, unapeleka mguu wa pili pembeni. Tatu, miguu inakutana. Basi. Hapo kwenye tatu ndipo watu wengi huharibikiwa, maana miguu ikishakutana mtu hujisikia amefika, anasimama juu ya miguu yote miwili kama anayesubiri picha. Lakini lazima uzito wote uhamie kwenye mguu uliofika mwisho, ili ule mwingine uwe huru kuanza tena. Usipouhamisha, moja inapokuja huna mguu wa kuondokea. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya walzi.

Kuelewa, nililielewa siku ya kwanza. Niliweza hata kuwaeleza wenzangu. Mguu wangu ndio haukuelewa.

Mimi ni Msukuma. Nimekulia kwenye ngoma ambayo mchezaji anainama, anaielekea ardhi, anaipiga mpaka vumbi linyanyuke na watu wa upande wa pili waone wivu. Ukicheza kwetu bila kusikika unakanyaga wapi, watazamaji wanahama. Kwa hiyo kila nilipofika kwenye moja, nzito, kisigino changu kilishuka sakafuni kama mchi.

"Mama, unamuua nani huko chini?" mwalimu aliniuliza mbele ya watu wote. "Sakafu haijakukosea. Ipite tu."

"Nimezoea, mwalimu."

"Nasikia. Mpaka Bugando wagonjwa wanasikia."

Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeishiwa nguvu kabisa. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Niliwahi kuamrisha watoto sabini wakae kimya na wakakaa, na sasa nilikuwa siwezi kuamrisha visigino viwili.

Kama nawe unajifunza kitu ukubwani, naomba nikuambie yaliyotokea baada ya hapo, kwa sababu yatakusaidia. Hakuna kilichotokea. Jumamosi ya pili nilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nilinunua viatu vya mitumba vyenye soli ya ngozi, kwa kuwa soli ya mpira inang'ang'ania saruji, na nikawa naanguka badala ya kukwama. Nilifanya mazoezi jikoni wakati maharage yanachemka. Nilifanya mazoezi darasani, nyuma ya meza, watoto wakiwa wameinamia madaftari. Kisha kulikuwa na Jumamosi moja umeme ukakatika, maana miaka ile tulikuwa na mgawo, kaseti ikanyamaza katikati ya wimbo. Darasa zima likaendelea kwa kuhesabu kwa mdomo, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na kwa kuwa hapakuwa na muziki wa kuvificha visigino vyangu, nikavisikiliza. Havikulia. Sikujua viliacha lini. Nilikuwa nimekwenda, ila sikuwa nimejiona nikienda.

Nisingeweza kufika hapo peke yangu. Walzi haijifunzwi na mtu mmoja. Mwenzangu alikuwa kijana wa kutoka Ukerewe, karani katika kiwanda kimojawapo cha minofu, mrefu kiasi cha kunifaa, mpole, mwenye harufu ya sabuni ya magadi kwa jinsi alivyokuwa akijisugua kuondoa harufu ya samaki kabla ya kuja. Mwalimu alitupanga pamoja kwa sababu ya urefu. Mwanzoni alikuwa ananiogopa. Kila Jumamosi, kabla ya kunigusa, alisimama wima na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Naomba nikushike."

"Huyo anaomba kibali kama anavuka mpaka!" mtu alipiga kelele kutoka upande wa pili.

"Mwache, ana adabu," mwalimu alijibu. "Wewe mwenyewe ungeomba kibali, usingekuwa umepasua gauni la mwenzako wiki iliyopita."

Tukaitwa Mama na Mwana. Tulilikubali jina hilo. Yeye alikuwa na tatizo la vijana wengi, la kusukuma, kana kwamba mwanamke ni toroli. Hapo ualimu wangu ulinifaa. "Usinisukume," nilimwambia. "Mimi siko njiani kwako, niko pamoja nawe. Nionyeshe kwa kifua unakokwenda, halafu nisubiri kidogo, nitakuja." Tulirudia hatua ile ile mpaka yeye mwenyewe akaanza kucheka kila nilipokuja. Naye alinisaidia kuliko alivyojua. Mwanamke katika walzi anakwenda kinyumenyume, haoni aendako, na mimi nilikuwa nageuza shingo kuangalia kama kuna ukuta. Sikuacha kwa sababu mwalimu alinikemea. Niliacha kwa sababu kijana yule hakunigongesha ukuta hata mara moja.

Mwaka ulipokuwa unaelekea mwisho, mwalimu alitutangazia kwamba kabla ya Krismasi kutakuwa na onyesho, kwenye bustani ya hoteli moja pale ziwani, na wageni watalipa kiingilio kuja kututazama.

"Nyie wawili mtafungua," alisema, akituonyesha kidole. "Peke yenu. Walzi nzima, mwanzo mpaka mwisho. Wengine tutaingia baadaye."

Nilisema siwezi, kama mtu anavyopaswa kusema. Lakini nilipotoka nje nilikuwa nimeshaamua nitavaa nini. Niseme ukweli, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka dakika zile chache. Nimekwenda kwenye sherehe nyingi maishani. Nimepika, nimegawa, nimepanga viti, nimewanyamazisha watoto wa kwaya. Sijawahi kusimama mahali nikatazamwa kwa sababu ninachofanya ni kizuri.

Binti yangu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anauza katika duka la dawa pale Buzuruga karibu na stendi. Ndiye mtoto wangu wa pekee. Jumamosi moja mvua ilinyesha kubwa, akapita ukumbini na mwavuli ili turudi wote. Tulikuwa hatujamaliza. Akakaa kwenye benchi kututazama, na nakumbuka nilifurahi sana kwamba kijana wangu, ambaye kwa kawaida hakosei, siku ile alikosea mara kwa mara, kwa sababu nilipata nafasi ya kumweleza upya mbele ya binti yangu jinsi uzito unavyohama. Nilimweleza kwa uvumilivu mkubwa. Alikuwa ananiitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku akitazama juu ya bega langu.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja nilikuwa nachambua mchele, binti akaja akachuchumaa karibu nami, akaanza kunisaidia bila kuombwa.

"Mama, kuna mtu anataka kuja nyumbani."

"Aje. Nyumba ina mlango."

"Si hivyo. Anataka kuja na wazee."

Nikauweka ungo chini. "Mtu gani?"

"Unamfahamu."

"Wa kanisani?"

"Hapana."

"Yule anayekuletea dawa kutoka Dar?"

"Mama! Ana wake wawili yule." Akainamia mchele. "Huyu unamfahamu kuliko mimi. Unamshika kila Jumamosi."

Furaha ndiyo iliyotangulia, na ilikuwa furaha ya kweli. Kama ningepewa vijana wote wa Mwanza nichague, ningemchagua yule. Nilimkumbatia binti yangu, mchele ukamwagika, tukacheka. Mengine yalinijia polepole, nikiwa naokota punje sakafuni.

Kwa msomaji ambaye kwao ni tofauti, nieleze. Makabila yetu ya ziwani hayalingani katika mambo mengi, lakini katika hili wengi tunasikilizana: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono. Hawali sahani moja, hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini. Si uadui. Ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu yule ndiye aliyemzaa mkeo. Nimeiona tangu nikiwa mtoto. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akimsikia baba yangu akikohoa barabarani, anaacha kila kitu, anaingia ndani.

Na onyesho lilikuwa limebakiza wiki chache.

Nilijipa moyo. Nilijiambia hii ni Mwanza, si kijijini. Nilijiambia mkwe ni yule ambaye ameshaleta wazee, na huyu bado hajaleta. Basi nikasubiri shemeji yangu aje.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu, mkulima na mfugaji wa Misungwi, mtu mwema. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyehakikisha binti anamaliza shule, na hakuwahi kunikumbusha. Yeye ndiye baba wa binti yangu sasa, na bila yeye hakuna posa inayopokelewa. Alikuja Jumapili, akanywa chai, akamsikiliza binti, akaridhika. Kisha akanigeukia.

"Na wewe shemeji, huyu kijana unamfahamu vipi?"

"Nacheza naye dansi."

Alitabasamu, akidhani natania. "Dansi."

"Walzi. Jumamosi, pale mjini."

"Mnacheza... kila mtu kivyake?"

"Hapana, wawili wawili."

"Mmeshikana."

"Kidogo tu. Ngoja nikueleze."

Hapa ndipo kipaji changu kiliponigeuka. Nimezoea kwamba mtu akielezwa vizuri, taratibu, kwa mfano, hofu yake inaondoka. Nikamwita binti asimame katikati ya sebule. Nikasimama upande wa mwanamume. "Tazama, shemeji. Mkono wangu huu na wake huu, tunashikana hapa pembeni, mbali na mwili. Mkono wake mwingine uko juu ya bega. Na mkono wangu wa kulia unakaa hapa."

"Hapo wapi?"

"Hapa. Mgongoni. Chini kidogo ya bega."

"Na hapo wewe ndiye yeye."

"Mimi ndiye yeye."

"Na binti ndiye wewe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mkono wa kijana uko mgongoni kwa mama mkwe."

"Bado hajawa mkwe, shemeji. Halafu tazama, kifuani kuna nafasi."

Akainuka, akaja kuitazama nafasi ile. Akaweka ngumi yake katikati yetu. "Ngumi moja."

"Ngumi na kidogo."

"Shemeji," alisema, akarudi kukaa, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, "mimi ndama wangu wakikaa karibu hivyo nawatenganisha."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Lakini shemeji hakucheka, alikuwa anatazama kikombe chake kwa aibu, aibu aliyokuwa ananionea mimi. Nilijua yameisha.

"Yaliyopita yamepita," alisema. "Hamkujua. Lakini tangu siku alipomtamkia mtoto, yule ni mkwe. Wazee wake wakisikia kwamba aliyewahi kumshika mama wa binti ni huyo huyo anayekuja kuoa, watauliza anaoa nani. Watamchekea mtoto wetu maisha yake yote. Unalitaka hilo?"

Sikulitaka.

Nilijaribu njia moja tu. Nilimwambia binti, tulipobaki wawili, kwamba labda wazee wangekuja Januari, sikukuu zikishapita, maandalizi yawe mazuri.

"Mama, humtaki."

"Namtaka sana."

"Basi kwa nini Januari? Yuko tayari, baba mdogo yuko tayari. Ni wewe tu."

Mimi ninayeweza kumweleza mtoto wa miaka saba kwa nini sifuri si sawa na hakuna, nilikosa sentensi moja ya kumwambia mtoto wangu. Ningesemaje? Kwamba asubiri kuchumbiwa ili mama yake apate kucheza? Niliiunda sentensi hiyo kichwani kwa kila namna na kila namna ilinifanya mtu nisiyemtaka. Nikamwambia sawa, waje wakati wowote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ukumbini kumwarifu mwalimu. Kijana alikuwa amefika kabla yangu. Aliponiona mlangoni hakusimama wima kama siku zote. Alisogea mpaka ukutani, akachuchumaa, akasalimia kwa sauti ya chini huku anatazama sakafu, kwa umbali ambao hata wawili wangeweza kucheza katikati yetu. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa amelelewa vizuri, ndiyo maana nilimpenda. Niliitikia nikiwa nimegeuza uso pembeni, na mwili wangu nao, bila kunisubiri, ukajua namna ya kusimama.

"Mbona mmeachana kama paka na mbwa?" mwalimu aliuliza. "Shikaneni, tuna kazi."

"Mwalimu, haiwezekani tena. Amekuwa mkwe wangu."

"Hongera! Shikaneni basi."

"Ndiyo maana hatushikani."

"Mkwe nini! Mimi na mkwe wangu tunapigana kila Krismasi, halafu tunacheza."

Darasa likacheka, ila wale wa kwetu hawakucheka. Mmoja wao alimvuta mwalimu pembeni akamweleza. Nilimwona mwalimu akitikisa kichwa, akitutazama mimi na kijana kwa zamu, akiwa amenuna kama mtu aliyeibiwa. Aliporudi alisema tu, "Mnajua nimewafundisha watu wangapi kabla sijapata wawili wanaosikilizana?"

Kijana aliomba ruhusa, akaondoka. Hakurudi tena. Sidhani kama ingewezekana, maana hata kukaa pembeni na kunitazama nikishikwa na mwanamume mwingine kwake kungekuwa kukosa adabu. Hilo liliniuma kuliko langu. Alikuwa amefika mahali pazuri sana katika dansi.

Mwalimu akanipa mwanamume pekee aliyekuwa hana mwenzake, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mcheshi, aliyekuja darasani kwa agizo la daktari wa moyo.

"Dada, usihofu," aliniambia. "Mimi dansi najua toka zamani, niliona sinema zote."

Alikuwa mwema, lakini alihesabu nne. Muziki ulisema tatu, mwalimu alisema tatu, naye alikuwa na moja yake ya ziada aliyoichomeka mahali popote alipoona panafaa. Nilimweleza, akanishukuru kwa maelezo mazuri, akahesabu nne. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulijua, nalo nakuambia ili lisikushangaze likikupata: sikuwa najua walzi. Nilikuwa najua walzi ya watu wawili, na nusu yake iliondoka na mwenyewe. Nikaanza tena kugeuza shingo kutazama ukuta. Jumamosi iliyofuata kisigino changu kililia.

Hata hivyo niliendelea kwenda. Kufungua onyesho walipewa wengine, lakini mwalimu aliniahidi kwamba mimi na mzee wa vitambaa tutaingia na kundi la pili, pembeni, karibu na maua. Nikajiambia pembeni si haba. Nikamfundisha mzee wangu kuitamka tatu kwa nguvu, na mara mojamoja tulifika mwisho wa wimbo tukiwa bado marafiki na muziki.

Kisha shemeji akaleta habari kutoka Ukerewe. Wazee wa kijana watavuka na meli, wamepanga siku yao, Jumamosi. Ilikuwa Jumamosi ya onyesho. Nilifungua mdomo, nikaona furaha iliyokuwa usoni kwa binti yangu, nikaufunga. Nilimtumia mwalimu salamu kwamba nina wageni.

Siku hiyo nyumba ilijaa. Wanaume walikaa sebuleni, wetu upande mmoja, wageni upande mwingine. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi kiasi cha kusikia. Nilikuwa nimejitanda khanga mpaka usoni. Kupitia pale wazi niliweza kumwona kijana, magoti pamoja, macho chini, na kati yake na mimi kulikuwa na sakafu ambayo tungeweza kuivuka kwa hatua tatu. Mshenga wao, mzee mwenye sauti kubwa aliyekuja kuwasemea, alitoa maneno yake. Shemeji akajibu. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa, akasema anawafahamu. Jua lilikuwa linateremka kuelekea ziwani, na nilijua kule bustanini wameshawasha taa na mwalimu anawakemea watu wasimame wima.

Shemeji akageukia mlango wa ndani. "Mama mzazi ana neno?"

Jibu la swali hilo ni moja na kila mtu analijua. Mama husema hana neno, wanawake wanapiga vigelegele, chakula kinatoka.

"Ninalo," nilisema.

Shemeji akashika magoti yake. Binti, aliyekuwa amerudi kukaa karibu nami, akanishika khanga kwa vidole, akanong'ona, "Mama, tafadhali."

"Mwambieni kijana asiache dansi."

Hakuna aliyejua la kufanya na neno hilo. Mshenga alisubiri kuona kama kuna lingine, kisha, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta, akamgeukia kijana aliyekuwa amekaa karibu naye na ambaye alikuwa amesikia kila kitu. "Mama anasema usiache dansi."

Kijana hakuinua macho. "Mwambie mama nimesikia."

"Kijana anasema amesikia," mshenga alitangaza kuelekea mlangoni.

"Haya," nilisema. "Mwambieni ahsante."

"Hilo ndilo neno lenyewe, shemeji?" shemeji aliuliza.

"Ndilo. Sina lingine."

"Basi," alisema, na nikaisikia pumzi yake ikishuka, "tuendelee."

Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga pamoja nao, kwa nguvu, mpaka koo likauma. Kisha tukaingia jikoni kupakua. Sahani ya mkwe niliipakua mwenyewe. Nilimchagulia paja la kuku lililoiva vizuri kuliko yote, nikamzidishia wali, nikapangusa ukingo wa sahani kwa kitambaa. Halafu nikasimama nayo mikononi mpaka mmoja wa wanawake aliponipokea, akaenda nayo sebuleni.